Picha Haisemi Yote

Ndugu msomaji, je, umepata kuambiwa kuwa huna ugonjwa ilhali maumivu unayo? Nitakusimulia kisa kilichotokea nyumbani kwetu Kitomanga, mkoani Lindi, ili tutafakari pamoja namna madaktari wetu wanavyofundishwa.

Machi 2020 vyuo nchini vilifungwa kwa sababu ya korona, hadi vilipofunguliwa tena Juni mosi. Mpwa wangu, mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa nne, alirejea kwa mama yake. Nami nilipofika likizoni nilimkuta kila jioni chini ya mwembe, mahali mtandao ulipopatikana, akisoma picha za eksirei katika simu. Vifurushi vilimmalizia fedha, lakini hakukata tamaa.

"Mjomba," aliniambia, "hapa naweza kuitazama picha moja hata mara 20. Darasani sisi tuliokaa nyuma hatuoni kitu."

Masika yale mdogo wangu aliteleza na baiskeli, akaangukia kiganja. Alipigwa picha, akaambiwa mfupa ni mzima. Alifurahi, akataka kurudi shambani. Mpwa wangu akamwomba amwazime mkono, akabonyeza kile kibonde kilicho nyuma ya shina la kidole gumba. Mdogo wangu alipiga ukelele.

Kijana alitueleza kuwa hapo pana kijifupa ambacho kikipata ufa, mara nyingine picha ya kwanza haiuonyeshi. Yafaa mkono ufungwe, na picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14. Kikipuuzwa, huenda kisiunge, kwa kuwa damu hukifikia kwa shida, na mkulima akapoteza nguvu za mkono wake. Tulimrudisha hospitali, mkono ukafungwa. Picha ya pili ilionyesha ufa.

Nilimwuliza kijana kama hayo yote aliyapata katika simu.

"Ufa niliujua kwenye simu, mjomba. Lakini mahali pa kubonyeza nilifundishwa wodini. Mwalimu alikishika kidole changu, akakiweka mahali pake."

Alikiri kuwa wenzake hawakuwa na kauli moja. Wako waliopenda masomo ya mtandaoni kwa kuwa waliweza kuyarudia watakavyo. Wako pia walionung'unika kuwa huko hawakuthubutu kuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini ni vigumu kukiuliza kioo cha simu.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Redio ilifundisha kutoka mbali, lakini wananchi walikusanyika katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Sauti ya mbali ilifaa kwa sababu alikuwapo mtu wa karibu.

Wilhelm Röntgen aligundua miali ya eksirei huko Ujerumani mwaka 1895, na miongoni mwa picha zake za kwanza ni ya mkono wa mkewe. Tangu wakati huo picha imetuonyesha mifupa mingi, lakini haijapata kumwuliza mgonjwa panapomwuma.

Basi, ndugu msomaji, tusiubeze mtandao, wala tusidhani kuwa utamwondoa mwalimu kando ya kitanda cha mgonjwa. Nawe ukiambiwa u mzima na maumivu yakadumu, usione haya kurudi. Mdogo wangu leo analishika jembe lake kwa mikono miwili.