Safari Yetu ya Ujiji

Kusini mwa Bujumbura, yapata kilomita kumi kutoka mjini, mahali paitwapo Mugere, lipo jiwe kubwa juu ya kilima likitazama Ziwa Tanganyika. Jiwe hilo limechongwa majina ya Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe: 25 Novemba 1871. Sisi tuliokulia karibu nalo tuliambiwa tangu utotoni kwamba hapo ndipo wasafiri wale wawili walipokutana. Sivyo. Walikutana Ujiji muda mfupi kabla ya tarehe hiyo, kisha wakapanda mtumbwi pamoja wakaja upande wetu ili kumaliza ubishi mmoja: je, Mto Rusizi hutoka ziwani, au huingia ziwani? Wataalamu wa Ulaya walikuwa wamebishana juu ya jambo hilo kwa miaka mingi wakiwa wameketi vitini mwao. Wale wawili walifika mlangoni mwa mto, wakayatazama maji. Mto huingia. Ubishi ukaisha.

Tulisimama mbele ya jiwe hilo asubuhi moja ya Julai, tukiwa 14: walimu wanafunzi wa Kiswahili pamoja na mkufunzi wetu. Tulikuwa tunakwenda kinyume cha njia ya mtumbwi ule, kutoka Bujumbura hadi Ujiji, na sisi pia tulikuwa na ubishi wetu. Wasomaji wa kitabu hiki wanaujua. Kiswahili kilichoenea pwani ya ziwa letu kilitoka wapi, na je, ni Kiswahili kweli?

Swali hilo halikuwa la vitabuni tu. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Buyenzi, alikuwa msemaji kuliko sisi sote. Kiswahili ndicho alichochezea, ndicho alichogombea na ndugu zake, ndicho alichouzia maandazi ya mama yake. Siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha aliinua rundo la vitabu akawauliza wanafunzi: "Vitabu hii ni ya nani?" Msimamizi aliyeketi nyuma akacheka kwa sauti, na darasa zima likamfuata. Baadaye aliambiwa mbele yetu kwamba Kiswahili cha kwao ni cha sokoni, na kwamba ingekuwa afadhali afundishe somo jingine. Tangu siku hiyo, kila alipoulizwa jambo, alijibu kwa Kifaransa. Sisi wenzake hatukusema neno la kumtetea. Wengi wetu tulitoka milimani, tukajifunza Kiswahili vitabuni. Tulikijua kama mtu ajuavyo sheria za nchi asiyoishi. Tena, na tukiri, tulicheka pia.

Basi dogo tulilokodi lilifuata ufuo wa ziwa. Tulipita Rumonge penye michikichi na harufu ya mawese, tukapita Nyanza-Lac, kisha barabara ikaliacha ziwa ikapanda kuelekea Mabanda na mpaka wa Mugina. Ng'ambo ya mpaka ni Manyovu, na kutoka hapo njia huteremka tena hadi Kigoma. Kigoma ndiyo mwisho wa reli ya kati, ambayo Wajerumani waliifikisha ziwani mwaka 1914. Ujiji uko kilomita chache tu kusini yake, na ni mji wa zamani zaidi: Burton na Speke walipofika hapo mwezi wa Februari 1858, waliukuta tayari ni soko la watu waliotoka pwani ya bahari.

Mchana ule tulikula sokoni. Tuliomba mukeke, mwuzaji hakutuelewa, tulipomwonyesha kwa kidole alicheka akasema, "Hao ni migebuka." Tuliomba ndagala, akatupa dagaa. Samaki walikuwa walewale, ziwa ni lilelile. Majina ndiyo yaliyovuka maji yakabadilika.

Kumbukumbu ya Livingstone imo ndani ya bustani yenye miembe. Hapo pana mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika na msalaba, na miembe miwili isemekanayo kuwa ni uzao wa mwembe ule wa mwaka 1871. Zamani maji ya ziwa yalikuwa karibu na mahali hapo. Baadaye ziwa lilipungua, ufuo ukasogea. Ndani ya makumbusho zimesimamishwa sanamu mbili za watu wazima, Stanley na Livingstone, wakivuliana kofia.

Tulizitazama sanamu hizo kwa muda mrefu, kisha mkufunzi wetu akauliza: "Nani hayumo?" Tukaanza kuhesabu. Hayumo Susi, aliyetoka mbio kumlaki Stanley kabla ya bwana wake kujua kwamba kuna mgeni. Hayumo Chuma, ambaye pamoja na Susi na wenzao aliubeba mwili wa Livingstone kutoka nchi ambayo leo ni Zambia hadi Bagamoyo, safari iliyoisha mwaka 1874. Hayumo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akapelekwa India, akarudi Afrika, akafika Ujiji na Burton mwaka 1858 na tena na Stanley mwaka 1871. Hawamo wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo ya wote hao. Lugha ya misafara hiyo ilikuwa Kiswahili. Walipangia safari kwa Kiswahili, wakagombana na kupatana kwa Kiswahili. Wengi wao, hata hivyo, hawakunyonya lugha hiyo kwa mama zao. Waliokifikisha Kiswahili ziwani walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu waliojifunza Kiswahili njiani.

Jambo hilo lilitushangaza. Tulikuwa tumedhani kwamba kulikuwako Kiswahili kamili kilichosafiri kutoka pwani kikaja kuvunjikia kwetu, mithili ya chungu kilichoanguka njiani.

Haifai kuisimulia njia hiyo kwa furaha tupu. Bagamoyo hadi Tabora, Tabora hadi Ujiji, ilikuwa njia ya pembe za ndovu na ya watu waliouzwa. Kutoka Ujiji, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, mfanyabiashara Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuingia Burundi kwa nguvu, na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yakamzuia. Ndiyo maana Kiswahili kilibaki ufuoni, na milimani jina la Mswahili likaja kuwa na maana ya mtu mjanja asiyeaminika. Bibi zetu walilitamka hivyo, nasi tukalirithi. Tulipomcheka mwenzetu wa Buyenzi hatukucheka kosa la sarufi peke yake. Ndani ya kicheko kile ilikuwamo hofu ya zamani ambayo hatukuwa tumeichunguza.

Jioni tulimkuta mzee mmoja ameketi barazani karibu na ufuo. "Shikamoo, babu," tulisema, kwa kusitasita kidogo, maana salamu hiyo kwetu si ya kila siku. "Marahaba, wajukuu zangu. Mmetoka Urundi?"

"Burundi, babu," mmoja wetu alimsahihisha.

"Ni kulekule," alisema. Tuliketi. Alitueleza kwamba mama yake alikuwa Mha, bibi yake upande wa baba alikuwa Mmanyema kutoka ng'ambo ya ziwa, na babu yake alikuwa Mnyamwezi aliyekuja na mizigo kichwani. "Hata mmoja wao hakuzaliwa na Kiswahili," alisema. "Lakini nyumba ilihitaji lugha moja."

Kisha akatutania. Alianza kutaja vitu vilivyokuwa mbele yetu kwa Kiha, kimoja kimoja, kisha vingi, akitazama kama tutamfuata. Tulimfuata bila shida, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu. Mwenzetu wa Buyenzi, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu mpakani, alianza kumjibu kwa Kirundi. Mzee anasema, naye anajibu, hiki, hivi, hiki changu, hivi vyangu. Hatimaye mzee alipiga goti lake kwa kiganja akasema: "Kumbe mnavyo nyumbani! Mbona mnakwenda kuazima kwa jirani?"

Usiku ule hatukulala mapema. Tulikaa chini ya taa moja na daftari moja, tukaandika alichotufundisha mzee yule bila kujua kwamba anafundisha. Tulianza na majina ya mahali. Burundi na Urundi, Buha na Uha, Buganda na Uganda: kiambishi *bu-* cha lugha zetu ndicho *u-* cha Kiswahili, kilichopoteza konsonanti yake. Kwa hiyo mzee hakukosea, wala sisi hatukukosea. Vivyo hivyo *ubuntu* ni *utu*, na *abantu* ni *watu*.

Ndipo mwenzetu akachukua kalamu, akaandika ile sentensi iliyomletea aibu. Akaiandika kwanza kwa Kirundi:

*Ibi bitabu ni ivya nde?*

Kisha chini yake:

*Vitabu hivi ni vya nani?*

Tuliitazama kimya. Kirundi hakisemi "vitabu hii". Kirundi hakikubali kamwe jina la wingi wa vitu lifuatwe na kionyeshi kisicholingana nalo. Upatanisho wa kisarufi tuliokuwa tukiukariri kutoka kwenye majedwali ulikuwa unatamkwa kila siku na bibi zetu wasiojua kusoma. Kiswahili cha Buyenzi, kama lugha nyingi zilizokuzwa na biashara baina ya watu wa makabila mengi, kilipunguza upatanisho ili wote waelewane upesi. Mwenzetu hakuwa na upungufu wa akili wala wa sikio. Alikuwa na lugha mbili, na kanuni aliyoikosa katika moja alikuwa nayo kamili katika nyingine. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha mlango wa kati.

Mmoja wetu aliuliza, na swali lake lilikuwa la haki: "Basi tuwaache wanafunzi waseme wapendavyo?" Tulikubaliana kwamba la. Lugha sanifu iliyojengwa juu ya Kiunguja, kufuatia mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, ndiyo lugha ya vitabu na mitihani. Na tangu nchi yetu ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, ndiyo pia lugha ya kazi na biashara ng'ambo ya mpaka. Mwalimu asiyeifundisha anamnyima mwanafunzi haki yake. Lakini mwalimu anayesahihisha bila kujua kosa limetoka wapi ni sawa na wale waliobishana juu ya Rusizi bila kuyaona maji.

Kabla ya kuzima taa tulimwomba mwenzetu radhi. Tulifanya hivyo kwa Kirundi, kwa sababu hatukutaka kujificha nyuma ya maneno ya vitabuni. Hakusema kwamba ametusamehe. Alisema, kwa Kiswahili, "Kesho tuondoke mapema," na hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kwanza ya Kiswahili kwetu baada ya majuma mengi.

Masomo yalipofunguliwa alirudi katika darasa lilelile la mazoezi, nasi tuliketi nyuma. Mvulana mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, viti hii haitoshi." Hakuna aliyecheka, pengine walisubiri kuona mwalimu atafanya nini. Mwenzetu alimwuliza: "Nyumbani, kwa Kirundi, ungesemaje *vitabu hivi*?" Mvulana akajibu. Mwenzetu akaandika jibu hilo ubaoni, chini yake akaandika sentensi ya Kiswahili, akapiga mstari chini ya *bi* na chini ya *vi*, kisha akampa mvulana chaki ili asahihishe viti vyake mwenyewe. Mvulana aliandika polepole: *Viti hivi havitoshi*. Akarudi nyuma hatua moja, akaitazama kazi yake, akasema: "Kumbe ni vilevile."

Maswali

1. Mwandishi anataja ubishi wa aina mbili. Utaje kila mmoja, kisha ueleze unafananaje na mwingine.
2. Kwa nini, kwa mujibu wa insha hii, Kiswahili kilibaki ufuoni mwa ziwa kwa upande wa Burundi?
3. Chagua sentensi tano zenye viambishi vya urejeshi (mfano: *alichochezea*, *walipokutana*). Taja ngeli au dhana inayorejelewa na kila kiambishi.
4. Andika sentensi tano za Kiswahili zenye majina ya ngeli ya KI-VI. Zifasiri kwa lugha yako ya kwanza, kisha ulinganishe upatanisho wake.
5. Kumbuka kosa la lugha ulilowahi kuchekwa kwalo, au ulilomcheka mwenzako. Andika insha fupi ukieleza asili ya kosa hilo na namna ambavyo ungelisahihisha darasani.