Funga Kitabu

Ewe msomaji, huenda miongoni mwenu yumo atakayeingia chuo cha udaktari baada ya miaka michache. Ni yeye ninayetaka kuzungumza naye, maana mwaka wa kwanza nusura unirudishe nyumbani, na kilichonishinda hakikuwa uvivu.

Nilisoma sana. Taa yangu ilikuwa ya mwisho kuzimwa bwenini. Kitabu cha elimu ya viungo vya mwili nilikipitia mara tatu, nikakipiga mistari ya rangi nne hata kikapendeza kama kanga. Siku ya jaribio la kwanza tuliingia katika chumba cha maiti, tukakuta sindano zimechomwa huku na huku, kila moja na namba yake. Kengele ililia, kila mtu akasimama mbele ya sindano. Baada ya dakika moja ililia tena, tukasogea. Sindano yangu ya kwanza ilikuwa katika mshipa wa fahamu upitao mbele ya kifundo cha mkono. Niliukumbuka ukurasa uliochorwa mshipa ule. Nilikumbuka hata doa la chai lililokuwa pembeni mwake. Jina halikuja. Nilipata alama 29 katika 100.

Juma lile ilifika barua ya kaka yangu, aliyekuwa akinilipia karo, akiuliza habari za masomo. Sikuijibu kwa muda wa miezi miwili.

Aliyeniokoa ni mzee mtunza chumba cha maiti, ambaye hakuwa na shahada yoyote. Alinikuta nimeinamia kitabu, akanyosha mkono wake juu ya meza. "Mwanangu, funga kitabu hicho, unionyeshe hapa." Nilifunga, nisiweze kuonyesha kitu. "Basi fungua, mzee wako angoje. Tazama, kisha funga tena." Tulifanya hivyo jioni nyingi.

Jaribu wewe mwenyewe sasa. Kunja mkono, utafute kwa kidole kijishimo kilicho nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, ukibonyeze taratibu. Ukihisi ganzi ikishuka mpaka kidole cha mwisho, umeugusa mshipa wa fahamu uitwao alna. Hutausahau upesi, kwa kuwa umeutafuta kwa mkono wako.

Baadaye nilijua kwamba Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijijaribu nafsi yake kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha aliyoyaona: tujifunzayo hutupotea kwa kasi zaidi katika saa za mwanzo, kisha upotevu hupungua. Kwa hiyo somo la asubuhi ujiulize jioni, tena kesho yake, tena baada ya juma moja, na kila mara kitabu kiwe kimefungwa kwanza. Mifupa ya mtu mzima ni 206, na 27 kati yake imo katika mkono mmoja, kutoka kifundo hadi ncha za vidole. Haikaririki kwa usiku mmoja wa kukesha. Wapo wanaosema kuwa kalamu za rangi huwafaa. Waulize alama zao.

Miaka mingi ikapita. Usiku mmoja nikiwa zamu, aliletwa kijana mkata miwa aliyejikata kwa panga kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Jeraha lilikuwa dogo, damu imekoma, na mwenzangu alikuwa amekwisha tunga uzi wa kushonea. Nilimwomba kijana afumbe macho, nikamgusa vidole kimoja kimoja kwa pamba. Cha mwisho alikihisi. Gumba, cha shahada na cha kati, hakuhisi kitu. Hapo jina lililonikimbia siku ya kengele lilinijia lenyewe: mediani. Mshipa ulikuwa umekatika. Hatukushona ngozi tukamrudisha kwao. Tulimpeleka kwa mpasuaji awezaye kuunga mishipa ya namna hiyo.

Mwaka uliofuata alipita kunisalimu. Alisimama mlangoni, akashika kifungo cha shati lake kwa gumba na kidole cha shahada cha mkono ule, akakifungua, kisha akakifunga.