Enzi za g=c800:5

Diski ya kwanza niliyoifungua Mwanga, hapa Kigoma, miaka ya tisini, ilikuwa Seagate ST-225 ya megabaiti 20. Ilipoanza kusuasua, uliingia DEBUG ya DOS, ukaandika g=c800:5, na kadi iliyoiongoza diski ikaanza kukuuliza maswali. Ukishajibu, ilichora upya njia zote za sumaku, silinda 615 kwa vichwa 4. Njia mbovu zilikuwa zimeorodheshwa kiwandani kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya diski. Ulizisoma na kuziingiza kwa mkono, moja baada ya nyingine. Kazi ya kuchosha, lakini diski ilikuwa yako. Na kabla ya kuipakia mashine kwenda Kasulu, kwa barabara ile ya makorongo, uliviegesha vichwa kwanza kwa programu, la sivyo vingegongagonga sahani njia nzima.

Diski za IDE zilipoingia, amri ile ikakosa kazi. Njia zilichorwa kiwandani, na vichwa vilijiegesha vyenyewe umeme ulipokatika: neema kubwa katika mji ulioishi kwa jenereta za dizeli hadi ulipofikiwa na gridi ya Taifa. Fundi akabaki kutuma namba. Ukipeleka EC kwenye mlango 1F7, diski ilirudisha wasifu wake wa baiti 512, jina lake limepinduliwa herufi mbili mbili, kama watoto wa Ujiji wakiongea kinyume.

Baadaye hdparm, programu ya Mark Lord kwenye Linux, ikatuondolea hata hilo. Niliitumia sana kambi za wakimbizi za Lugufu na Mtabila zilipofungwa, 2009 na 2012, na kompyuta kuukuu za maofisini zikawa zinaletwa kwangu zifutwe. Unaiwekea diski nywila, kisha unaiamuru ijifute. Umeme ukikatika katikati, inabaki imejifunga mpaka uirudishe kazini imalize. Mashine nyingine huigandisha diski tangu zinapowaka, ikatae amri. Dawa yake ni kuilaza kompyuta usingizi na kuiamsha.

Siku hizi naletewa diski za NVMe. Mlango 1F7 haupo tena. Nyingi hujisimbia data zenyewe, kwa hiyo kufuta ni kutupa ufunguo tu, sekunde chache. Mteja amesimama pale pale, hata soda hajaimaliza.

“Fundi, mbona hujafanya kitu?” Hapo anaanza kupunguza bei.