Moshi wa Menengai

Tulipokuwa watoto upande wa Nakuru, mahindi yaliachiwa jua. Mabua yalikatwa, yakasimikwa shambani mafungu mafungu, na kufika Desemba punje zilikuwa ngumu. Baada ya kupukuchua, mama alitia konzi moja kwenye chupa kavu, akaongeza chumvi, akatikisa. Chumvi iking'ang'ania kioo, mahindi yanarudi kuanikwa. Ikianguka chini yote, tunajaza kihenge.

Siku hizi mvua haijui msimu wa mavuno. Nimeona mahindi yakiota yangali kwenye bua. Watu wanatandaza turubai kando ya lami, malori yakipita yanayamwagia vumbi, na wingu likitanda kila mtu anakimbia. Mnunuzi anachomeka kipimo cha unyevu kwenye gunia; kikizidi asilimia 13.5, bei inaporomoka. Mashine za kukaushia zipo, ila dizeli inakula faida. Na unyevu hauli pesa tu. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na majirani zao walikula mahindi yenye sumukuvu: waliougua 317, waliokufa 125.

Kinachoniuma ni kwamba joto la kukaushia tulikuwa nalo. Asubuhi za baridi tuliona mvuke ukipanda kutoka kreta ya Menengai, wazee wakasema ni makao ya mizimu. Kule Eburru, tangu enzi za walowezi, pareto ilikaushwa kwa mvuke wa ardhini, na wenyeji wakaukinga mvuke huohuo upoe wapate maji ya kunywa. Elimu hiyo haikuvuka milima kutufikia.

Uingereza ardhi ina nyuzi 10 hivi tu, lakini wapo wakulima wanaozika mabomba shambani. Pampu inakusanya joto hilo hafifu, inalipandisha, feni inalipuliza ndani ya nafaka. Wenzetu wanalitafuta joto kwenye udongo wa baridi. Letu linatoka lenyewe, likichemka.

Sasa GDC, kampuni ya serikali ya kuendeleza jotoardhi, imejenga kikaushio cha nafaka cha majaribio palepale Menengai. Nilifurahi, kisha nikahuzunika kwa miaka iliyopita bure. Mvuke hausafirishwi mbali bila kupoa, kwa hiyo mkulima wa Bahati au Solai ndiye jirani wa kwanza wa visima vya mvuke vya Menengai. Aanze kuhudumiwa yeye, kwa bei isiyozidi ya turubai, kabla mvua ya mavuno yajayo haijamkuta.