Mtoto wa Seminari ni Mtoto wa Nani?

Kila mwaka Dominika ya Nne ya Pasaka wasikia tangazo lile lile: leo ni siku ya kuombea miito, tena kuna mchango wa pili. Siku hiyo aliiweka Papa Paulo VI mwaka 1964. Nawe watia mkono mfukoni, watoa ulicho nacho. Je, umepata kujiuliza kwa nini yaombwa kwako wewe mkulima wa mahindi, na si kwa wakubwa wa mjini?

Wengi hujibu kwamba seminari zatunzwa na Roma. Si uongo kabisa, lakini sikilizeni jinsi msaada huo wa Roma ulivyoanza. Mwaka 1889 Askofu Cousin wa Nagasaki, huko Japani, alimwandikia barua binti mmoja wa mji wa Caen katika Ufaransa, jina lake Jeanne Bigard. Alimweleza kwamba anao vijana wanaotaka upadre, lakini hana fedha za kuwalea. Jeanne na mama yake Stéphanie, aliyekuwa mjane, wakatoa mali yao, wakaishi kimaskini, wakaanza kuwaombea msaada vijana wasiowajua hata kwa sura. Ndivyo lilivyozaliwa Shirika la Mtakatifu Petro Mtume. Serikali ya Ufaransa ya siku zile haikukubali kulitambua, hata mwaka 1902 ikabidi lihamie Fribourg katika Uswisi. Mwaka uliofuata mama akafariki. Jeanne naye akapatwa na ugonjwa wa akili, akaishi hivyo miaka mingi mpaka alipokufa mwaka 1934. Papa Pius XI alikuwa amekwisha kulifanya kuwa Shirika la Kipapa mwaka 1922. Basi, mnapoitaja Roma, mkumbuke kwamba nyuma yake yupo mjane na binti yake.

Nasi tumeyaona matunda. Mwaka 1913 Uganda ilipata mapadre wake wa kwanza wenyeji, Bazilio Lumu na Victor Mukasa. Mwaka 1917 ikawa zamu ya Tanganyika. Laurean Rugambwa, aliyesoma Rubya na kisha Katigondo, alipata upadre mwaka 1943, uaskofu mwaka 1952, na mwaka 1960 akawa Kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu. Hawa wote walikula kila siku. Mtu hashibi theolojia. Hushiba ugali na maharage, na lazima awepo aliyeyalima.

Tena safari yenyewe ni ndefu. Baada ya sekondari kijana hupitia nyumba ya malezi, kisha falsafa, kisha theolojia ambayo peke yake ni miaka minne, na katikati hutumwa parokiani kujaribiwa kazi. Ukihesabu vizuri, kijana aliyeondoka kwenu mtoto wenu mdogo akiwa anaanza shule ya msingi, atapewa daraja mdogo huyo akiwa sekondari.

Mimi ndiye ninayeshika daftari la miito katika kigango chetu, kwa hiyo nayajua maneno yasemwayo mlangoni mwa ghala. Mwenye mahindi mengi hulalamika kuliko mwenye machache. Hilo sitalieleza zaidi. Lakini kuna neno moja ambalo limenichoma. Frateri mmoja wa kwetu alirudi nyumbani akiwa amekwisha kumaliza mwaka wa pili wa theolojia. Hakufukuzwa, wala hakufanya jambo la aibu. Yeye na walezi wake walipima, wakaona wito wake si huo. Kumbe kijijini ikawa kama msiba! “Mahindi yetu yameliwa bure,” watu wakasema. Mama yake, aliyezoea kukaa benchi la mbele, akahamia nyuma karibu na mlango, akawa wa kwanza kutoka Misa ikiisha.

Nakuuliza wewe mzazi: ungependa kijana yule apande altareni kwa kuogopa ndimi zetu? Seminari ni mahali pa kupima. Ungo usiopepeta kitu hauna kazi. Mtaguso wa Trento ulipoagiza seminari mwaka 1563, ulitaka wapatikane mapadre waliolelewa na kujaribiwa, si kila aliyeingia atoke na kasula. Tukitoa mahindi kwa sharti kwamba lazima tupate padre, hiyo si sadaka, ni biashara, na bidhaa yake ni mtoto wa mtu.

Hata wazazi wengine wana lao. Wapo wanaohesabu kwamba mwana akiwa padre atawaezekea nyumba bati. Baba wa namna hiyo amemweka mwanawe rehani. Na yupo mwingine, mwenye mtoto wa kiume mmoja tu, anayelala akiwaza jina la ukoo litachukuliwa na nani. Huyu simcheki hata kidogo. Akimruhusu aende, ametoa kuliko sisi sote na magunia yetu.

Mwenye kukosa mahindi asione haya. Mtakatifu Teresia wa Lisieux hakuwa na senti mfukoni, lakini mwaka 1895 alipewa mseminari mmoja, Maurice Bellière, awe kaka yake wa kumwombea. Alimwombea na kumwandikia barua mpaka karibu na kufa kwake mwaka 1897. Kijana yule akawa Mmisionari wa Afrika, akafika Nyasa, nchi iitwayo sasa Malawi. Mseminari wa kigango chako, je, umepata kumwandikia hata mara moja? Na akija likizo, usimchinjie kuku kila siku kama mgeni. Mpe jembe, mwende naye shambani, azidi kuwajua watu atakaowahubiria.

Kijana wetu aliyerudi sasa anawafundisha watoto katekisimu kila Jumamosi, nao wanampenda. Msimu uliopita mama yake alikuja ghalani na debe moja la maharage kichwani. Alisimama kando mpaka watu wakapungua, ndipo akaniuliza kwa sauti ndogo kama bado yapokelewa. Nilimtua, nikayapima, nikaandika jina lake.