Kutafuta Bila Kuchukua

Baadhi ya ndugu wametuuliza kwa nini sisi, tulio na nyumba na vitanda mjini Iringa, twachukua hema, sufuria na mtoto mdogo, tukaenda kulala nyikani. Wengine wamecheka, wakisema kwamba kulala nje ni desturi ya wachungaji wa ng'ombe, au ya wageni wenye fedha zisizo na kazi. Twaona ni vema kuwajibu kwa maandishi, kwa maana safari hizi zimetufunza habari ya malezi kuliko tulivyotazamia.

Asili yake ni mchezo. Katika nyika ya Dartmoor, nchini Uingereza, mwaka 1854 kiongozi wa wasafiri aitwaye James Perrott aliweka chupa mahali pa upweke paitwapo Cranmere Pool, ili kila afikaye huko kwa miguu aache kadi yenye jina lake. Watu wakaipenda desturi ile, wakaficha visanduku vingine. Miaka mingi ikapita. Ndipo tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani ikaondoa kizuizi ilichokuwa imetia katika ishara za setilaiti zake zinazoonyesha mahali. Vyombo vya raia, vilivyokuwa vikikosea hata meta 100, vikawa sahihi hata mara kumi zaidi. Kesho yake, tarehe 3 Mei, Dave Ulmer akaficha ndoo katika miti karibu na Portland, jimbo la Oregon, akawatangazia watu namba za mahali pale. Masharti yake yalikuwa mepesi: ukipata, chukua kitu kimoja, acha kingine, kisha andika katika daftari. Leo mchezo huo umeenea duniani, na simu ya mkononi yatosha kuucheza.

Nasi tuliuanza nyumbani. Tulitia ndani ya kopo la maziwa daftari, penseli, vifungo viwili na filimbi, tukalificha katika shamba la ndugu yetu kwa idhini yake, tukamwandikia binti yetu, mwenye umri wa miaka 7, namba za mahali. Tulimweleza kwamba dunia imegawanywa kwa digrii, na digrii kwa dakika, na dakika kwa sekunde; ya kwamba dakika moja ya kwenda kusini ni kama kilometa 1.85, na sekunde moja ni kama meta 31. Siku ya kwanza alibadili namba mbili, akatuongoza mpaka kwenye kabichi za jirani, na jirani akatoka kutuuliza tumepoteza nini. Siku ya pili akalipata kopo. Akachukua filimbi, akaacha shanga zake tatu, kwa kuwa tulimwambia kwamba anachoacha mtu kisipungue thamani ya kile alichochukua. Wahenga walisema, mtafutaji hachoki, akichoka keshapata.

Lakini mtoto akikua, shamba la ndugu humtosha siku chache tu. Alitaka kwenda mbali, nasi tukaanza kufikiri habari za hifadhi na mahali pa kale, ambapo nchi yetu ya kusini imebarikiwa sana. Huko masharti ni mengine. Hakuna ruhusa ya kuficha kopo wala kuchimba, na hakuna ruhusa ya kuondoka na kitu. Hata katika nchi nyingine walikutana na shida hiyo, na tangu mwaka 2004 iko namna ya mchezo huu isiyo na kopo lolote: msafiri huongozwa na namba mpaka kwenye mwamba, au shimo, au maporomoko, kisha hujibu maswali juu ya aliyoyaona. Tukaichagua namna hiyo. Tukaandika maswali yetu wenyewe, na kopo likabaki nyumbani. Ruaha tuliiacha kwanza, kwa maana hifadhi ile, iliyoanzishwa mwaka 1964, ni makao ya simba na tembo, na si mahali pa mtoto kukimbia na simu mkononi.

Safari ya kwanza ilikuwa Isimila, kama kilometa 20 kutoka Iringa katika barabara ya kwenda Mbeya. Mto uliokwisha kukauka umekata udongo ukaacha nguzo ndefu zilizosimama kama minara. Mahali hapa palitambuliwa mwaka 1951, na mwaka 1957 na 1958 wataalamu walioongozwa na F. Clark Howell walichimba humo, wakapata zana nyingi za mawe, mashoka na vipasulio, zilizochongwa na watu wa zama za kale mno. Swali tulilomwandikia binti yetu lilikuwa hili: "Tafuta jiwe lililofanyiwa kazi na mkono wa mtu. Wajuaje?" Alizunguka kwa saa nzima. Mwisho aliliona moja lenye umbo la tone la maji, limechongwa pande zote mbili, akalishika kifuani.

Mzee aliyekuwa akituongoza akamwambia, "Mjukuu wangu, lirudishe pale pale, na uso ule ule juu." Akauliza sababu. Mzee akasema, "Likiwa hapa, laweza kutuambia nani alikaa karibu na maji haya. Likiwa mfukoni mwako ni jiwe tu." Binti yetu akalirudisha, ila uso wake ulikuwa umekunjamana mpaka tulipofika barabarani.

Safari ya pili tulikwenda Mbeya kumsalimu bibi yake, na kutoka huko tukafuata barabara ya Tunduma mpaka Mbozi, katika nchi ambayo tangu mwaka 2016 ni Mkoa wa Songwe. Kimondo kimelala juu ya kilima cha Marengi, karibu na digrii 9 na dakika 6 kusini, digrii 33 na dakika 2 mashariki. Ni pande la chuma lenye urefu wa kama meta 3, na sehemu yake kubwa ni chuma chenyewe pamoja na nikeli kidogo. Wenyeji walikijua tangu zamani, lakini habari zake ziliwafikia wataalamu wa nje mwaka 1930 tu. Udongo ulipochimbwa kukizunguka, kimondo kikaonekana chote. Binti yetu alikigonga kwa ukucha, akasikiliza. Akasema, "Hiki hakuna awezaye kukiweka mfukoni." Tukacheka, tukaandika jibu lake katika daftari.

Jioni ile akamsimulia bibi yake yote. Bibi, ambaye ni mama yetu mzazi, alizaliwa upande wa Matamba, na alipokuwa msichana alichunga kondoo juu katika uwanda wa Kitulo. Sasa miguu yake haiwezi mlima, na macho yamepungua nuru. Akamwambia mjukuu wake, "Mkienda Kitulo, niletee ua moja jekundu pamoja na mzizi wake, nilipande mlangoni hapa. Sitafika tena kule." Mtoto akamwahidi. Sisi tulisikia, tukanyamaza, kwa maana ni nani atakayemwambia mama yake mzee neno la sheria mbele ya chakula cha jioni?

Safari ya tatu, basi, ilikuwa Kitulo, mwishoni mwa Desemba, shule zilipofungwa. Kutoka Chimala gari hupanda ukingo wa bonde kwa barabara inayosifiwa kwa kona zake 57. Binti yetu alizihesabu mpaka 40, akalala. Alipoamka tulikuwa juu, penye baridi na ukungu, na nyasi zimejaa maua hata mwisho wa macho. Wenyeji waliita mahali hapa Bustani ya Mungu tangu kabla ya serikali kupafanya hifadhi ya taifa mwaka 2005. Eneo lake ni kama kilometa za mraba 413, katika mwinuko wa kama meta 2,600. Nayo ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya joto iliyowekwa hasa kwa ajili ya mimea. Wataalamu wamehesabu humo aina 350 hivi za mimea, na katika hizo aina 45 ni za okidi ziotazo ardhini. Toka Desemba mpaka Aprili huchanua kwa zamu, nyeupe, za manjano, za zambarau na nyekundu.

Tulipiga hema katika kiwanja cha kambi. Mvua ilinyesha usiku, na upepo ukavuta kamba mpaka tukaamka kuzikaza. Tulipika viazi na maharage, tukamvika mtoto sweta mbili na soksi za baba yake. Asubuhi ukungu ulipoondoka, tukatoka pamoja na askari wa hifadhi. Swali la siku ile lilikuwa: "Tafuta ua jekundu alilolisema bibi." Alilipata kabla ya saa nne, limesimama peke yake katika nyasi zenye maji. Akapiga magoti. Akamgeukia askari, akasema, "Shikamoo, afande. Naomba hili ni la bibi yangu."

"Marahaba, mwanangu. Haliondoki hapa."

Ndipo akatugeukia sisi, akauliza neno ambalo hatujalisahau: "Baba, bibi ni mkubwa kuliko afande. Nimtii nani?"

Hatukuwa na jibu la upesi. Tumemfundisha tangu utoto kwamba neno la mkubwa halivunjwi, na ahadi kadhalika. Askari hakumkaripia. Alichuchumaa karibu naye, akaeleza kwamba chini ya ua kuna viazi viwili vidogo. Kimoja chalilisha ua la mwaka huu, nacho chaisha. Cha pili ni akiba ya ua la mwaka ujao. Anayeng'oa huchukua vyote viwili. Mbegu zake ni kama vumbi, hazina chakula ndani yake, wala hazioti mpaka zikutane na kuvu fulani katika udongo, na hupita miaka kabla ya kuchanua. Ukilipanda mlangoni Mbeya, laweza kufa kabla bibi hajalizoea.

Akatuambia pia habari ya magunia. Ng'ambo ya mpaka, katika Zambia, viazi hivi hupondwa, huchanganywa na karanga, hupikwa na kukatwa vipande. Chakula hicho huitwa chikanda. Watu walipokula vya kwao, mambo yalikuwa madogo. Lakini wanunuzi walipovuka mpaka kuvitafuta huku, wenyeji wakachimba kwa ajili ya karo na chumvi. Utafiti wa Davenport na Ndangalasi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilitoka Tanzania kwenda Zambia kwa mwaka. Hatuwahukumu waliochimba, kwani mama mwenye watoto na asiye na shilingi hutazama chini ya miguu yake kwanza. Lakini hesabu ni hesabu. Mmoja aking'oa moja kwa ajili ya mlango wake, naye jirani kwa ajili ya wake, bustani yaisha, na hakuna aliyeona ikiisha.

Binti yetu alisikiliza, akalia kidogo. Kisha akatoa daftari. Akachora ua, akahesabu vikonyo vyake, akaandika namba za mahali kutoka katika simu, dakika na sekunde, akazisoma mara mbili ili asikosee kama siku ile ya kabichi. Ndilo jambo tuliloona kuwa kubwa kuliko yote ya safari zetu: alitafuta, akapata, akaliacha bila kushikwa mkono.

Tuliposhuka Mbeya, bibi alinyosha mikono yote miwili. Mtoto akatia daftari humo. Bibi akashika ukurasa karibu na macho, akakaa kimya, na twajua kwamba alisikitika. Akasema, "Nilitaka kuligusa."

"Lina viazi viwili chini, bibi. Kimoja ni cha mwakani."

"Na bado lipo pale pale penye maji?"

"Lipo. Namba ninazo. Nitakwenda mimi."

Bibi akauliza tena habari za ukungu na za njia ya kondoo, wakazungumza mpaka usiku. Ukurasa ule sasa umebandikwa ukutani, karibu na kitanda chake.

Ndugu zetu, msingoje utajiri ili kuanza. Anzeni karibu na nyumbani, na ombeni idhini ya mwenye ardhi. Ada za hifadhi kwa wenyeji ni ndogo sana kuliko za wageni, na hema yaweza kuazimwa. Chukueni nguo za baridi, hasa nyanda za juu, na rudini na takataka zenu zote. Mfundisheni mtoto kuacha kitu kila anapochukua. Na mahali pasipo ruhusa ya kuchukua, mfundisheni kuandika. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ajuaye namba za mahali pa jambo jema, na akaliacha pale, amewawekea akiba watu ambao hatawajua kwa majina.