Mwendo wa Mifugo na Watoto



Tangu Jumapili simu yangu haijapoa. Mmoja ameuliza kama nimekosa nauli. Mwingine, kwa utani, ameuliza kama hii ni njia yangu ya kuharakisha mchango wa gari la mchungaji. Na mama mmoja wa kikundi cha maombi, ninayemheshimu kama mama yangu mzazi, alinipigia akasema kwa uchungu: "Pasta, watu wamekuona Gede umepanda baisikeli. Sisi kanisa tutaonekanaje?"

Nimeona niwajibu wote hapa, kwa sababu swali la mama si dogo.

Wiki iliyopita nilichukua siku tatu kutembelea ushirika wetu ulio kando ya maji: Mida, kijiji cha karibu na mdomo wa Mto Sabaki, na Gongoni. Nilienda kwa ile Black Mamba ya zamani, begi la nguo na Biblia kwenye keria, pampu, kiraka na gundi mfukoni. Kwenye barabara kuu nilikaa pembeni kabisa, maana matatu za Mombasa haziogopi pasta. Palipokuwa na njia ya ndani, nilifuata ya ndani.

Pwani yetu ni tambarare. Mtu wa Murang'a akipanda baisikeli huwaza mlima. Huku mlima wetu ni upepo. Huu ni mwezi wa Februari, kaskazi inavuma, na kwenda Gongoni nilikuwa nimeielekeza uso. Unakanyaga na unaona mnazi ule ule mbele yako kwa muda mrefu. Siku ya kurudi, upepo ule ule ulinisukuma mgongoni hadi nikaanza kuimba. Adui wa asubuhi alikuwa msaidizi wa jioni, na hakuwa amebadilika. Mimi ndiye niliyegeuza uelekeo. Kuna mtu anahitaji neno hilo leo.

Siku ya kwanza nilifika Mida maji yakiwa yamekupwa. Wengi wetu tumepita Mida mara mia tukienda Mombasa na hatujawahi kuteremka kuona kilicho nyuma ya vichaka. Ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, umezungukwa na mikoko, na maji yakitoka unabaki uwanja mpana wa matope. Hapo ndipo ndege wanapokula. Niliona yangeyange, kulasitara, na vitwitwi wengi wakikimbia huku na huku wakidonoa matope. Na yuko ndege mmoja mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene, chakula chake ni kaa. Huyo hazaliwi hapa. Anazaliwa kwenye mashimo yanayochimbwa mchangani, katika pwani za Ghuba na Bahari ya Shamu, kisha anakuja kwetu kula.

Wale vitwitwi nao wamo wanaotoka mbali zaidi, Siberia, kaskazini kabisa ya Urusi. Ni zaidi ya kilomita 8,000. Baadhi yao hawafikii uzito wa gramu 40, mwepesi kuliko yai la kuku. Hufika kwetu kuanzia mwezi wa nane, na mwezi wa tatu au wa nne, wakishanenepa, wanarudi kwenda kutaga. Hakuna anayewapigia kengele. Yeremia 8:7 inasema hivyo hivyo, kwamba ndege wa angani wanajua majira yao ya kuja, lakini watu wa Mungu hawajui anachotaka Bwana wao.

Tazama pia wanavyoishi na maji. Yakikupwa wanakula. Yakijaa wanasimama pamoja mahali pakavu, wengine kwa mguu mmoja, wanapumzika. Hawagombani na bahari. Wewe unayefanya kazi bila pumziko na kuita hiyo imani, Mungu aliyeweka maji kujaa na kupwa ndiye aliyeweka Sabato.

Pale Mida kuna daraja la mbao na kamba lililopita katikati ya mikoko. Ada ya kulitembelea imekuwa ikisaidia karo za watoto wa shule za sekondari wanaoishi kando ya mkono huo wa bahari na msitu wa Arabuko-Sokoke. Kazi hiyo ya karo ilianzishwa mwaka 2001 na A Rocha Kenya, shirika la Wakristo linalotunza uumbaji wa Mungu, lenye kituo chake Watamu. Kwa hiyo mtu asiniambie ndege ni mambo ya Wazungu. Kuna kijana amemaliza Form Four kwa sababu mikoko haikukatwa.

Siku ya pili nilivuka daraja la Sabaki nikakata kulia kuelekea baharini. Njia ikawa mchanga, nikashuka nikasukuma. Wenyeji walinionya nisikae karibu na maji jioni, kwa sababu mle mna viboko. Mdomoni pa mto nilikuta mwari, shakwe, na heroe, hawa ambao wengi wetu tunawaita flamingo, wamesimama kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Rangi ile ni udongo. Mto Sabaki ndio ule ule Galana, na huko juu ndio Athi, unaopokea hata maji ya Mto Nairobi. Shamba likimomonyoka Machakos, linakuja kupaka bahari ya Malindi rangi. Kinachotupwa Nairobi kinateremka kuja kwetu. Nilisimama pale nikafikiri juu ya nyumba zetu: unachoachilia kwenye ndoa yako leo, yuko mtoto anakaa mdomoni mwa mto huo.

Lakini wapendwa, kilichonifanya niandike haya si ndege. Ni mama mmoja.

Siku ya tatu, nje kidogo ya Gongoni, njia ilipita kando ya mabwawa ya chumvi. Nchi ni bapa na nyeupe, jua linapiga kutoka juu na kutoka chini. Hata pale ndege wapo, wamejipanga kwenye kingo. Tyubu yangu ilitoboka. Nikageuza baisikeli kichwa chini, na mama aliyekuwa akisuka makuti barazani kwake akaniletea beseni la maji nitafute tundu. Aliponitazama vizuri akasema, "Si wewe ni Pasta?"

Alikuwa mshirika wetu. Ameokoka kanisani kwetu. Alikuwa na miezi mitano hajaja, na jina lake lilikuwa limesomwa kwenye orodha ya waliorudi nyuma. Akaniambia hajarudi nyuma popote. Mume anaumwa, na nauli ya boda boda kwenda na kurudi imezidi pesa ya chakula cha siku. Kila Jumapili asubuhi anawaweka watoto mkekani, wanaimba, anasoma Neno, wanaomba. Kisha akasema, bila hasira, "Gari likipita hapa, Pasta, sisi tunaona vumbi tu."

Tuliomba na mume wake. Tulikula sima na mchicha. Nilikaa pale saa mbili. Tyubu ilikuwa imeshazibwa kwa dakika kumi.

Mwanzo 33. Esau amekuja kumlaki Yakobo na watu 400. Huo ni msafara! Anamwambia, twende pamoja. Yakobo anakataa kwa heshima. Anasema watoto ni wachanga na mifugo inanyonyesha. Wakikimbizwa siku moja tu, kundi lote litakufa. Wewe tangulia, bwana wangu, mimi nitakwenda polepole kwa mwendo wa mifugo na watoto. Najua wasomaji wa Biblia mtaniambia Yakobo hakufika Seiri kama alivyosema. Hilo tutalifundisha siku nyingine. Leo shikeni neno lile la mwendo. Mchungaji hapangi mwendo wake kwa kuangalia msafara wa jirani. Anaupanga kwa kuangalia yule aliye nyuma kabisa.

Sasa mama yangu, swali lako. Kanisa litaonekanaje? Sisemi gari ni dhambi. Wazee wenye magari msinipigie, na wagonjwa tutaendelea kuwapeleka hospitali kwa magari yenu hayo hayo. Najua pia mchango ule umetoka kwenye upendo. Mmoja wenu alitoa pesa ya kuuza mbuzi. Sitaudharau.

Ila tunao wainjilisti wanne wanaotumika kwenye ushirika wa kando ya maji. Mmoja hutembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, kila Jumatano na kila Jumapili. Pesa iliyokwisha kukusanywa inatosha baisikeli nne imara, na kubaki akiba ya matairi, tyubu na mafuta ya mnyororo, maana chumvi ya huku hula chuma. Gari bado liko mbali sana. Watu wale wako hapo leo.

Kwa hiyo naleta ombi. Sikuamua peke yangu, na sitaamua peke yangu. Pesa ile mliitoa kwa ajili ya gari, na si haki kuigeuza bila ninyi. Jumapili hii baada ya ibada tutabaki dakika thelathini. Mweka hazina atasoma hesabu yote. Aliyetoa kwa ajili ya gari na hataki kubadilisha, atarudishiwa chake na tutabaki ndugu. Wanaokubali, tutanunua baisikeli mwezi huu huu, kabla ya masika kugeuza njia za mchanga kuwa tope.

Na wewe mama wa maombi, nakuomba ukae kiti cha mbele, useme yaliyo moyoni mwako hata kama ni kunipinga. Nitakusikiliza.

Kabla ya Jumapili, fanya jambo moja. Nenda mahali fulani kwa miguu au kwa baisikeli, njia unayopita kila siku kwa matatu. Salimia kila mtu hadi salamu iishe. Halafu njoo utuambie ulimkuta nani.